Mstari Hafifu kwenye Kadi

Saa mbili asubuhi, Mwanatabu Suleiman anaisogeza kadi dirishani. Ni kipande cha plastiki ambacho, kikidondoshewa damu ya mtoto, huonyesha kwa mstari kama mwili una kingamwili, yaani askari wa kuukinga dhidi ya rubela. Kwenye kadi hii, ya msichana aliyepimwa jana, mstari upo, lakini hafifu mno.

Damu hiyo hiyo aliipima pia jana kwa sahani yenye vishimo, ambayo mashine huisoma rangi. Kazi hiyo hula nusu siku. Sahani inasema msichana huyu hana kinga.

“Mstari si upo, dada?” anauliza Felix, mwenzake katika maabara hii ndogo ya Likoni. “Tukikataa kila hafifu, kadi ina faida gani?”

“Upo, lakini siuamini, wallahi.”

Wanalinganisha njia hizo mbili kwa damu ya watoto mia mbili, ili zahanati zisizo na mashine zijue kama kadi yatosha. Kwa wengi zimekubaliana. Kwa watoto kumi na mmoja, wote wa mstari hafifu, kadi imedanganya.

Ukaidi wa Mwanatabu una chanzo chake, na ni kichungu. Miaka tisa iliyopita, yeye akiwa na mimba changa, mtoto wa dadake alitokwa na vipele. Nyumba nzima ikasema ni surua. Mwanatabu alishaugua surua utotoni, akajiona salama, na ndiye aliyemwogesha mgonjwa kwa maji ya mwarobaini. Kumbe ilikuwa rubela, ambayo hufanana na surua lakini humdhuru mtoto aliye tumboni.

Bintiye, Sabah, alizaliwa kiziwi.

“Mwaka mzima nilimwita, asigeuke,” anamwambia Felix.

Felix ameridhia: kila mstari hafifu utarudiwa kwenye sahani. Lakini Kafedha, mamake yule msichana, alishaambiwa jana, kadi ilipoonyesha mstari, kuwa mwanawe yuko salama. Alasiri Mwanatabu anabisha hodi kwake, Mtongwe.

“Si mlinambia ana kinga?”

“Tulikwambia mapema mno, mamangu, kabla ya kuhakikisha. Tuwie radhi. Mlete achanjwe.”

“Kwani rubela si vipele tu?”

Mwanatabu anaketi mkekani na kumsimulia habari za Sabah. Kafedha anajifuta macho kwa ncha ya leso, anaahidi kumleta kesho.

Zimebaki nyumba kumi za watoto wengine waliodanganywa na kadi, na zote anataka kuzifikia mwenyewe.

“Wangu siwezi kumrudishia masikio,” anasema akivaa viatu. “Lakini huyu wa Kafedha, akijaaliwa kuzaa, inshallah mwanawe atamsikia.”