Mwarobaini wa Nyuma ya Jiko

Mwarobaini ukichemka, uchungu unakufika kooni kabla hujaonja. Harufu yake inakaribiana na ya kitunguu swaumu kilicholala, imechanganyika na ya majani mabichi yaliyopondwa, na ikishaingia kwenye nguo ndiyo imeingia. Nililelewa ndani ya harufu hiyo kwa bibi yangu, mama yake mama, kule Nyangoto, ambako asubuhi ulisikia ng'ombe wakitolewa zizini na mitambo ya mgodi mkubwa wa dhahabu ikinguruma ng'ambo ya ukuta. Mti wenyewe ulikuwa nyuma ya jiko. Uliletwa ungali mche ndani ya kopo na mchimbaji mmoja kutoka Singida aliyepanga chumba kwa bibi, akachimba, akakosa, akaenda zake na kutuachia mti. Ndiye aliyemwambia bibi kwamba mti huo asili yake ni India, kwamba Wahindi wanajitibu nao tangu enzi na enzi, na kwamba unaitwa mwarobaini kwa sababu unaponya magonjwa arobaini. Bibi hakuwa na jina la Kikurya la kuuita. Alilichukua lile la Kiswahili pamoja na ahadi yake yote.

Sitaki kumsingizia bibi. Mengi aliyoyafanya na mti ule yalifanya kazi. Majani makavu aliyachanganya na mtama ghalani, na wadudu hawakuugusa. Maji yake aliwaogeshea mbuzi wenye chawa, akatuogeshea na sisi wajukuu tulipokuwa na upele katikati ya vidole, tukapiga kelele mpaka majirani wakacheka, na upele ukaisha. Matawi membamba yalikuwa miswaki yetu. Jioni alichoma majani mlangoni na mbu wakatafuta kwa kwenda. Mwenye homa alipewa kikombe, na wanaume wazima waliojidai hawaogopi kitu walikunywa wameziba pua. Tatizo la bibi lilikuwa moja tu: hakuwa na kipimo. Maji yakishakuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa motoni, dawa imeiva, basi. Mtoto, mzee, mbuzi, wote sufuria moja.

Sasa niseme habari za Robi. Bibi alizaa mabinti watupu, na babu alipokufa shemeji zake walianza kulitazama shamba kwa jicho ambalo hata mimi mtoto nililiona. Shamba lililo karibu na mgodi si shamba la kuchezea. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume hairithi, ndivyo tulivyoambiwa, na bibi akafanya kile ambacho wanawake wa Kikurya wasio na wana wamekifanya siku zote: alitoa ng'ombe wake, akaoa msichana wa kumzalia wana kwa jina la nyumba yake. Kwetu ndiyo nyumba ntobhu. Msichana huyo alikuwa Robi, kutoka Gorong'a. Alimwita bibi mama, na mimi nilimwita mke wa mjomba, ingawa mjomba mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Jamani, nilimpenda yule dada! Alicheka mpaka akakaa chini. Alipiga mluzi akikamua ng'ombe, na bibi akifoka, "Wewe, unaita nyoka?" alinikonyeza akaendelea. Alinisuka nywele bila kunivuta, jambo ambalo hakuna mtu mwingine Nyangoto aliyeliweza. Tumbo lake lilipoanza kuonekana, mimba ya mwanamume ambaye bibi mwenyewe alimchagua, bibi alimkataza kubeba maji na kuni, akawa anambebea yeye mwenyewe, mzee mzima na ndoo kichwani.

Masika yale mvua ilinyesha kama imetumwa. Mbu walijaa kwenye mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa wazi, na Robi akaanza kutetemeka juani. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amekwenda zahanati, na nesi alimwonya kwamba mjamzito asinywe mitishamba, mwarobaini hasa, na kwamba akisikia homa akimbilie kupimwa. Robi alimwambia bibi maneno hayo kwa sauti ya chini, akiwa amepiga magoti kama mke wa pale nyumbani anavyopaswa. Bibi alicheka. "Huyo nesi kazaa wangapi? Mimi nimelea boma zima kwa mti huu." Akachemsha. Robi alikunywa, na homa kweli ikashuka jioni ile, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana bibi hakuona sababu ya kuacha. Kila asubuhi akawa anampa kikombe kilichojaa, kumkinga mtoto, alisema, na kusafisha damu. Ungemkatalia vipi mtu aliyekutolea ng'ombe, naye anakushikia kikombe kwa mikono yake miwili? Robi alifumba macho, akanywa yote, akanirudishia mimi kikombe nikakioshe.

Mimba ilitoka siku ya gulio, mchana kweupe, watu wakipita njiani na mizigo yao. Nakumbuka mkeka uliovutwa uani na Robi akiniambia nitoke, nisitazame. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na mwanamke jirani. Bibi alifuata kwa miguu akilia kwa sauti, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza, hilo naliapia mpaka leo. Mtoto alikuwa wa kiume. Nesi aliuliza Robi amekunywa nini, akaambiwa, akatikisa kichwa. Alisema malaria peke yake inaweza kuharibu mimba, na mwarobaini mzito nao unaweza, na kwamba hakuna wa kutuambia kwa hakika ni lipi lilianza.

Kwetu watu hawasemi "hakuna wa kutuambia". Wanatafuta mtu. Haikuchukua muda maneno yakazagaa kwamba Robi ana mchimbaji wake kule Nyakunguru, kwamba mtoto hakumtaka, kwamba alimeza kitu. Shemeji mkubwa wa bibi, aliyelitaka shamba kuliko wote, aliitisha kikao cha ukoo uani kwetu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, nyuma yangu ule mti. Akamuuliza Robi, "Ulikunywa dawa gani?" Robi akajibu, "Nilikunywa aliyonipa mama. Sikunywa nyingine." Watu wote wakamgeukia bibi. Nilingoja aseme neno moja tu, la kumfunika yule mtoto wa watu. Bibi akasema, "Mimi nilimpa dawa ya homa. Dawa ya homa haitoi mimba. Kama imetoka, basi amekunywa kingine." Robi alimtazama. Juma lile lile alirudishwa Gorong'a na kimfuko chake cha nguo, na ng'ombe wa bibi wakarudi. Nilimfuata mpaka njia panda nikilia, akanifukuza kwa upole.

Kwa ng'ombe wale wale bibi alioa msichana mwingine. Huyu naye alishika mimba, naye alipata homa, mbu wa Nyangoto hawachagui. Nilimwona bibi akichukua khanga yake kabla jua halijachomoza, akamshika mkono yule msichana na kumpeleka zahanati kwa miguu, wakarudi na vidonge. Hakumchemshia hata jani moja. Hata mswaki wa mti ule alimnyang'anya. Akazaliwa mtoto wa kiume, shamba likapona, shemeji wakanywea. Mimi nilikuwa nimeshapata akili za kutosha kuyaona yote hayo, na sikumwambia mtu.

Siku hizi pale stendi ya Tarime wanauza unga wa mwarobaini kwenye pakiti zenye picha ya jani, na kipaza sauti kinashinda kikipiga kelele: ni ya asili, haina madhara! Asili! Hata nyoka ni wa asili. Wasichana wenye matumbo wananunua, na pakiti haisemi neno juu yao. Mimi mwenyewe bado naweka majani makavu kwenye mahindi yangu na nawaogeshea mbuzi. Kikombe ndicho nisichokigusa, wala sikubali binti zangu wakiguse.

Mwaka jana nilimkuta Robi kule Nyakunguru, amekaa na wanawake wenzake wakiponda mawe ya wachimbaji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitambua mpaka nilipojitaja. Alifurahi, akanipisha kwenye kivuli cha turubai lake. Hakujaliwa mtoto tena. Aliuliza kama mti bado upo, nikasema upo. Aliuliza habari za mama, nikasema tulishamzika. Akaponda kidogo, kisha akauliza, bila kuinua uso, "Yule aliyekuja baada yangu, alipougua, mama alimnywesha?"

Nilitamani kudanganya. "Hapana," nikasema. "Alimpeleka zahanati."

Nyundo ikasimama. "Kumbe alijua," Robi akasema. "Na mimi miaka yote hii nimemsamehe, nikijua hakujua."

Akavuta jiwe jingine, akaanza kulipiga.