Kasala Katikati ya Saluni

Mimi si mtu wa kuduwaa ovyo. Miaka kumi na miwili ya kusuka nywele katikati ya jiji la Durban imenizoesha kusikia siri za watu huku natafuna chingamu. Lakini Jumamosi ile niliduwaa.

Mteja alikuwa Mchikana, ndivyo alivyojiita: mzaliwa wa Marekani, ukoo wa Meksiko, mwanafunzi aliyepanga chumba mtaa wa Berea. Nywele zake zilikuwa zinateleza kama bamia, nami nilikuwa nimeshanuna. Akasema atanisomea shairi lake. Nikajisemea, haya, leo tumepatikana.

Akasoma. Kihispania na Kiingereza vilipishana bila kuombana radhi. Alimtaja bibi yake aliyesaga mahindi, kisha mama wa bibi huyo, kisha mwanamke aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni. Kwao, alinieleza, wanawake hukutana jikoni kwa mmoja wao, na hakuna anayesoma shairi kabla ya kuwataja waliomzaa. Alikua bila kukijua Kihispania. Mashairi ndiyo yaliyomrudisha.

Mikono yangu ikasimama. Jamani, hiyo si ndiyo kasala! Sisi Waluba tunayo, shairi la kuusifu ukoo jina kwa jina. Mama yangu alimghania kila mtoto aliyezaliwa kwetu. Alifariki mimi nikiwa huku, na binti yangu hajawahi kughaniwa. Ana miaka tisa, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Niliogopa sana kwamba kasala yetu itaishia kwangu.

Nikaanza, kitana mkononi. Kiluba changu kina matobo. Kilipotoboka nikaziba kwa Kiswahili. Nilipofika kwa bibi wa tatu nikakwama kabisa.

"Ah non, mama!" akasema msusi mwenzangu, mtu wa Lubumbashi. "Usituache mu njia!"

Akapiga makofi, na wateja wote wakamfuata, hata Mzulu aliyekuwa na rangi kichwani. Ndipo bibi huyo akanijia: yule aliyelima huku analia, na bado akavuna. Nikateremka hadi kwa mama, hadi kwangu, nikaishia hapo. Machozi yalinitoka, wala sioni haya kusema.

Binti yangu alikuwa ameketi pembeni na madaftari yake. Akainua uso.

"Mama, bado haiyaisha," akasema, kwa Kiswahili. "Miye niko wapi?"