Slivu Moja, Pande Mbili za Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini walikuwepo watu hawa: Mhandisi wa Maji wa Wilaya, ambaye hakushuka garini, Fundi Odero, aliyevaa futi ya kupimia shingoni kama tai, Chacha na Wafula, wachimbaji, Mama Atieno, aliyetupikia uji, mimi, na mdogo wangu Achieng, niliyembeba mgongoni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwachia. Tulikuwa nje ya mji wa Homa Bay, kando ya barabara ya kwenda Kendu Bay, na jua lilikuwa bado halijawa kali.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki, mama akimfuata baba kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimefika darasa la saba, na shule yangu iliishia hapo, maana wadogo zangu walitaka kula kila siku.

Mhandisi alitoa kichwa dirishani. "Odero, na huyo mtoto mchanga umemwandika kazi?"

"Huyo ni mkaguzi, bwana mkubwa. Anayechimba ni dadake."

"Basi mwambie mkaguzi asilie tukipima."

Gari likaondoka. Odero akanigeukia, akaniangalia kuanzia utosini hadi miguuni, akaniambia niingie mtaroni. Niliingia. Udongo ulinifika kwenye mshipi wa rinda. Akapima kwa futi yake, akacheka.

"Kiuno chako ndicho kina cha bomba. Kuanzia leo wewe ni rula. Mtaro ukikufika hapo, tunalaza. Ukikufika magotini, Chacha anarudi kuchimba."

"Na akinenepa?" Chacha akauliza.

"Kunenepa si kurefuka. Chimba."

Jina hilo la Rula lilinifuata miaka yote ya kazi, kutoka Homa Bay hadi Sori, na wengine hawakuwahi kujua jina langu jingine. Wale walionijua zaidi waliniita Nyar Kendu, binti wa Kendu, kwa kuwa kwetu ni Kendu Bay.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu vijana wa siku hizi wanaona bomba linatoa maji na nguzo inabeba stima, wanadhani kila kitu kiliwekwa popote palipokuwa wazi. Barabara ya umma haiishii pale lami inapoishia. Pande zote mbili kuna ukanda wa ardhi unaoitwa hifadhi ya barabara. Mpaka wake huonyeshwa kwa bikoni, yaani vigingi vya saruji ambavyo watu wengi huanikia nguo bila kujua ni vya nini. Kila kinachopitishwa kando ya barabara, iwe bomba la maji, nguzo ya stima au waya wa simu, hukaa ndani ya ukanda huo, tena kwa kibali cha ofisi ya barabara.

Tulipima kuanzia katikati ya barabara kwenda nje, wala hatukuanzia kwenye ua wa mtu, kwa sababu ua hutembea. Watu husogeza ua kidogo kila mwaka mpaka bikoni ikajikuta jikoni kwao. Bomba lilikaa karibu na mpaka, mbali na lami, ili barabara ikipanuliwa tusifukue tena. Bomba likiwa upande mmoja, nguzo zilikwenda upande wa pili, ili anayechimba shimo la nguzo asitoboe bomba. Chini tulitandaza mchanga, kwa sababu jiwe moja lenye ncha hula bomba polepole. Juu ya bomba tuliweka udongo, kisha utepe wa onyo, kisha udongo tena, tukishindilia tabaka kwa tabaka. Anayekuja kuchimba baadaye hukutana na utepe kabla jembe halijagusa bomba.

Kuvuka barabara kulikuwa na sheria yake. Lami ilikatwa mara moja tu, kwa mstari ulionyooka kutoka upande hadi upande, na bomba halikulazwa lenyewe. Kwanza tulilaza slivu, bomba kubwa la chuma, kisha bomba la maji likapita ndani yake. Faida ya slivu ni kwamba bomba likipasuka unalivuta nje na kusukuma jingine, lami haiguswi tena.

Kutoka Homa Bay nilihamishiwa Kendu Bay, nyumbani kabisa, ambako udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, ukivunja mabomba kama muwa. Huko nilijifunza kuungana na ardhi badala ya kugombana nayo. Kisha nikapelekwa Migori kuwa msimamizi wa mtaro. Wadogo zangu wawili walikuwa sekondari, na Achieng, yule mkaguzi, alikuwa akijua kusoma. Sikuwa na sababu ya kulalamika.

Migori nilikutana na Msimamizi wa Barabara, mtu wa Taita, mwembamba, mkali lakini si mwonevu. Lami aliita "lami yangu", kama mtu anayemzungumzia ng'ombe wake. Nilipofika ofisini kwake mara ya kwanza aliniambia, "Rula, nimesikia habari zako. Hapa kwangu kuna mambo mawili. Mtaro haufukiwi kabla sijauona. Na lami yangu haikatwi bila slivu."

"Nimesikia, bwana."

"Wengi husikia."

Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokutana nje kidogo ya Rongo, miaka michache kabla ya kaunti kuja.

Tulikuwa tukilaza bomba upande wa juu wa barabara kuu. Upande wa chini kulikuwa na nyumba nyingi zaidi, na mpango ulikuwa tuvuke lami mahali pamoja ili nao wapate maji. Slivu ilikuwa moja, imeletwa kwa ajili ya kuvuka hapo, nayo ilikuwa imelala nyasini ikisubiri. Mabomba ya maji yenyewe yalikuwa bado njiani kutoka Kisumu, kwa hiyo tulichimba mtaro tukiutangulia mzigo. Mbele ya lango la mwalimu mmoja mstaafu tulikuta mwamba. Tuliuvunja kwa nyundo na patasi siku nyingi, na mtaro ukawa mpana kupita kawaida.

Mwalimu huyo alikuwa mgonjwa hospitalini. Akafariki Jumatano. Mwili ulikuwa uletwe nyumbani Ijumaa, uzikwe Jumamosi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda ofisini Migori. Niliporudi nikakuta wanawake wamesimama barabarani, mikono kichwani. Nyapara wa mkandarasi, Muriuki, kijana kutoka Meru mwenye roho nzuri, alikuwa ameona kwamba mbao zetu za kuvukia mtaro langoni zinabeba watu lakini haziwezi kubeba gari la maiti. Basi akachukua panga, akakata ua wa ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe, pembeni mwa lango ambapo mtaro ulikuwa mwembamba na mbao zingehimili gari, akafungua njia pana na kuifagia vizuri. Alikuwa akitabasamu, akingoja ashukuriwe.

Mjane alitoka ndani. Sisi tulimwita Mama Mwalimu. Aliutazama ule mwanya, kisha akanitazama mimi.

"Nyar Kendu, wewe ni mtu wa kwetu. Mwambie huyu kijana anachosema kuhusu mume wangu."

Muriuki alinigeukia. "Nimekosea nini? Nimewafungulia njia tu."

Nikamweleza. Kwa Waluo, mwenye boma huingia nyumbani kwake kupitia rangach, yaani lango lake, akiwa hai na akiwa ndani ya jeneza. Mwili unaopitishwa kwenye mwanya wa ua ni wa mtu aliyejitoa uhai. Kila aliyepita barabarani asubuhi hiyo alikuwa ameshasoma habari hiyo kwenye ua: kwamba Mwalimu alijinyonga.

Muriuki alikaa chini palepale kwenye kifusi. "Mungu wangu," akasema. "Na nimefagia."

Njia iliyobaki ilikuwa lango, na langoni kulikuwa na shimo. Wazee wa boma walisema tuufukie mtaro, lakini ukishafukiwa lango halitachimbwa tena mpaka matanga yaishe. Kibali chetu kilikuwa kinakwisha Jumatatu. Kufukia mtupu kulikuwa ni kusema bomba halitapita hapo, na mbele ya hapo kulikuwa na zahanati na shule vikingoja maji.

Niliitazama ile slivu nyasini. Ikilazwa langoni na kufukiwa, gari la maiti lingepita juu yake, na mabomba yakifika tungelisukuma moja ndani bila mtu kuinua jembe. Lakini ikizikwa langoni, ya kuvuka lami haipo. Nilimpigia simu Msimamizi wa Barabara, akaja kabla ya saa sita. Alisimama ukingoni, akatazama mchanga tuliotandaza, akatazama ua uliokatwa.

"Mchanga ni mzuri," alisema. "Slivu ukiweka hapa nitapitisha. Lakini unajua Jumatatu sitakata lami yangu bila slivu."

"Najua, bwana."

"Na kibali kipya sijui kitapatikana lini. Pesa za mradi zinafungwa."

"Hilo pia najua."

"Basi amua. Wewe ndiye msimamizi wa mtaro."

"Mtaro ni wangu, bwana. Maji ni ya watu wa upande wa pili. Nipe muda nikawaulize."

Nilivuka barabara. Kiongozi wa kina mama wa upande wa chini alikuwa Mama Pamela, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani. Alikuwa akipepeta mtama kwa ajili ya uji wa matanga. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo unataka slivu yetu."

"Nakuomba, mama."

"Mwalimu alimfundisha kila mtoto wa upande huu. Pamela wangu alikuwa mzito wa hesabu, akamkalisha kwake jioni mpaka akaelewa. Leo apite kwenye ua kama mwizi kwa sababu sisi tunataka mfereji?" Akaweka ungo chini. "Apite langoni kwake. Sisi tuna mitungi na tuna miguu."

"Asante, mama."

"Usinishukuru, sijakupa. Nimekukopesha. Na ninakudai wewe, si ofisi. Ofisi haina uso, nitaijuaje nikikutana nayo sokoni?"

"Nitailipa."

"Nimesikia. Nenda, mtu wako anakuja kesho."

Tulilaza slivu mchana huo, tukaiziba ncha zote mbili kwa gunia ili udongo usiingie, tukafukia na kushindilia. Msimamizi wa Barabara alivua koti na kushika shindilio mwenyewe. Kuhusu ua, wazee walisema aliyefungua ndiye afunge, kwa hiyo Muriuki alipanda upya vipande vya ojuok alivyokuwa amevikata. Utomvu ukamrukia jichoni. Alipiga kelele mpaka wapishi wakaacha vyungu, na Mama Mwalimu mwenyewe, katika msiba wake, akamdondoshea maziwa jichoni huku akisema, "Tulia, mwanangu. Sasa umekuwa mtu wa huku."

Ijumaa gari la maiti liliingia kupitia langoni, polepole, magurudumu yakipita juu ya slivu. Nilikuwa nimeinamia ardhi nikiangalia. Haikutitia hata kidogo. Barabarani watu walikuwa wameanza kuimba, na waliokuwa wamesema neno lile jana yake walilimeza.

Mabomba yalifika Jumapili. Jumatatu tulilisukuma moja langoni bila jembe kuinuliwa, na maji yakaendelea hadi zahanati na shule. Lami haikukatwa. Kibali kikaisha.

Nilidhani deni hilo ningelilipa ndani ya msimu. Niliomba slivu nyingine. Mradi ulikuwa umefungwa. Zikaja kaunti, faili zikahama ofisi, na Msimamizi wa Barabara akastaafu akarudi Taita. Kisha barabara ile ikawekwa lami mpya, na lami mpya hairuhusiwi kukatwa. Sheria hiyo naijua vizuri, kwa sababu kazi yangu ya mwisho, ukaguzi wa mitaro kule Sori, ilikuwa kuisimamia. Mwenye hoteli mmoja wa ufuoni alinijia akitaka kupitisha bomba lake.

"Mama, tukate haraka tu tufukie. Nani ataona?"

"Nitaona mimi."

"Wewe si mtu wa kujenga naye urafiki?"

"Urafiki nautaka. Lami acha."

Nisingeweza kumkatalia yeye Sori kisha niikate mwenyewe Rongo. Kwa hiyo nimestaafu nikiwa sijailipa slivu ya Mama Pamela.

Mengine yote namshukuru Mungu. Wadogo zangu walisoma wote. Achieng ni muuguzi Migori, na nikimtania kwamba alianza kazi serikalini akiwa mgongoni, hukasirika mbele ya wenzake. Kwenye barabara nyingi za wilaya zile za zamani naweza kukuonyesha bomba lilipo bila kuchimba. Vijana wanaolaza nyaya za intaneti hunipigia simu kabla ya kupima, nami huenda, kwa sababu utepe wa onyo wanaoukuta ni wa mikono yetu. Afisa mmoja wa kaunti ameniambia kuna mashine inayotoboa chini ya barabara bila kugusa lami. Nimemwandikia mara kadhaa. Anajibu vizuri.

Mama Mwalimu bado yupo. Aliweka mfereji wa kuteka maji ndani ya ua wake, kwa kuwa kwenye hifadhi ya barabara hauruhusiwi, na lango huliacha wazi mchana kutwa ili watu wa upande wa chini wateke. Kila nikienda Rongo hushuka hapo. Mara ya mwisho nilimkuta Mama Pamela mfereji ukimjazia mtungi. Amezeeka, lakini sauti ni ileile.

"Rula. Umekuja na slivu yangu?"

"Bado, mama."

Akafunga mfereji, akakaza kifuniko, akajinyoosha mgongo.

"Haya, shika mtungi."

Niliuinua kichwani. Tulisimama kando ya lami, tukangoja lori la miwa lipite, tukavuka.