Kiunganishi Kilichozaliwa Mezani Kwangu

Kazini mume wangu walimwita Jicho, na jina lile lilimvimbisha kichwa kuliko mshahara. Kazi yake ilikuwa kuweka viunganishi kwenye nyaya za faiba, zile zinazopitisha mwanga badala ya umeme, ambazo ndani yake mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Uzi ule ukiishia hewani hauna faida. Lazima uvishwe kiunganishi, wenyewe walikiita kichwa, ndipo uweze kuchomekwa kwenye mashine na kukutana na uzi mwingine ana kwa ana. Zikikutana vibaya, mwanga unapotea njiani na mtu huko nyumbani kwake anaanza kuitukana kampuni.

Zamani kuuvisha uzi kichwa kulikuwa kama ibada. Unachuna ngozi ya waya, unaupangusa uzi kwa spiriti, unaupenyeza kwenye tundu ambalo hata sisimizi angelikataa, unatia gundi, unaoka kwenye kijitanuri, unakata kipande kilichochomoza, kisha unasugua ncha juu ya karatasi laini kwa kuchora nane, nane, nane, mpaka ing'ae. Mwisho unaichungulia kwa hadubini kutafuta mikwaruzo. Wenzake walichungulia, wakapangusa macho, wakachungulia tena. Yeye aliinama mara moja, akasema "safi" au "mbovu," akaenda zake. Yalikuwa majivuno matupu, na mimi niliyapenda, sikatai.

Nilichopata mimi katika kazi ile ni vipande vya kioo. Vilirudi nyumbani ndani ya soksi zake na kwenye mikunjo ya suruali, na nikifua vilinichoma vidole, vidogo hata huvioni, unasikia tu uchungu. Nilimwambia kampuni inamlipa yeye, mimi inanidunga bure.

Kisha akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Nikadhani mawazo. Akaanza kugonga bega kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, nikamkokota kwa daktari wa macho. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alitoa dawa ya matone na akatuambia bila kupindisha kwamba matone yatalinda kilichobaki, ila kilichokwisha kupotea hakirudi. Tulitoka pale tumeshikana mikono kama wachumba, lakini si kwa mahaba. Ngazi zilikuwa na kivuli.

"Kazini asijue mtu," akaniambia.

"Na kazi utafanyaje?"

"Mikono inajua njia."

Mikono haikujua njia. Vichwa vyake vikaanza kurudishwa, kwanza kwa utani, baadaye bila utani. Aliyejua siri yetu alikuwa mtu mmoja tu, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyefanya kazi kampuni hiyohiyo kwenye chumba cha michoro, wanakobuni vifaa. Mume wangu ndiye aliyemwingiza pale, na mdogo wangu alimpenda shemeji yake kuliko anavyonipenda mimi. Hilo nalijua na wala sioni wivu.

"Shemeji," alisema Jumapili moja tukiwa tumemaliza kula, "ubovu si wa macho yako. Ubovu ni wa hiki kichwa. Aliyekibuni alitaka kutukomoa tu."

Hapo meza yangu ya chakula ikageuka karakana. Kila Jumapili mdogo wangu alikuja na mfuko wa vijiplastiki alivyovichonga, akavimwaga kwenye kitambaa changu cha meza, na mume wangu akaanza kulalamika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale, kulalamika. Kusugua hawezi? Mdogo wangu akaweka ndani ya kichwa kipande kifupi cha uzi kilichokwisha kusuguliwa kiwandani, fundi alete uzi wake tu, zigusane humohumo ndani. Gundi inamshinda? Akaondoa gundi, akatia kibanio. Tundu halioni? Akalipanua mdomo likawa kama faneli, uzi ukiingia upande wowote unajipeleka wenyewe katikati. Kulikuwa na parafujo mbili ndogo za kukazia. Mume wangu alizidondosha zote chini, tukapiga magoti watatu kuzitafuta, na mimi nikasema kama hizi parafujo zinarudi tena nyumbani kwangu basi zije na mpishi wao. Zikaondolewa. Pakawekwa kifuniko unachokibana kwa dole gumba, kinalia ta!

"Nitajuaje kama uzi umefika mwisho?" akauliza mume wangu.

Mdogo wangu akamshika mkono. "Sukuma. Endelea. Unasikia unavyopinda kidogo chini ya kidole? Umefika. Funga."

Ta!

Ninyi hamkumwona uso wake siku ile. Alikifunga, akakichomoa, akakifunga tena, akacheka peke yake. Nilimkumbatia mdogo wangu mpaka miwani yake ikapinda. Nilidhani ametuokoa. Sote tulidhani hivyo. Kila kilichomshinda mume wangu, mdogo wangu alikiondoa, na hakuna hata mmoja wetu pale mezani aliyejiuliza kitakachobaki kitamhitaji nani.

Ikafika siku ya kukionyesha kichwa kile kwa wakubwa wa kampuni. Mdogo wangu alimchagua shemeji yake akifunge mbele yao, maana jina la Jicho lilikuwa na uzito. Kilichotokea nilikijua jioni ileile, kwa sababu mume wangu aliingia akiimba, akaniketisha kitini kama mkurugenzi, akaniigizia yote.

Ukumbi, alisema, ulikuwa na madirisha makubwa, na mwanga mwingi ndio uliokuwa unamtesa kuliko giza. Alipofika mezani akaona ukungu mweupe tu. Akajua akianza kupapasa mbele ya watu wale, ameumbuka. Basi akachomoa mfukoni kile kitambaa safi cha kupangusia vioo, akajifunga machoni, akasema kwa sauti: "Waheshimiwa, kiunganishi hiki mimi nakifunga hata nikiwa usingizini!"

Watu wakacheka. Mdogo wangu, aliyekuwa pembeni na michoro yake, akabadilika rangi. Mume wangu akachuna waya, akapangusa uzi, akaukata kwenye kikatio, akausukuma, akausikia unapinda, akabana. Ta! Wakauchomeka kwenye mashine ya kupima, na mwanga ukapita wote. Walisimama wakampigia makofi. Mkurugenzi mwenyewe, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alikuja kumfungua kile kitambaa kwa mikono yake.

"Hawakushtukia?" nikauliza.

"Washtukie nini? Nimewapiga chenga wote!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tulikula vizuri siku ile.

Hazikupita wiki nyingi yule mama mwenye sauti ya upole akamwita ofisini. Alimpa kiti, alimpa chai. Akamwambia chumba cha kusugua kinafungwa, kwa kuwa sasa vichwa vitafungwa hukohuko kwa wateja na vijana wa mitaani, wakishafundishwa asubuhi moja tu. "Wewe mwenyewe ulituonyesha," alimwambia, tena kwa kumsifu. "Kama mtu anaweza kukifunga bila kuona, sisi tunaweka chumba kizima cha watu wa macho kwa sababu gani?" Hivyo ndivyo mume wangu alivyomwaga unga, yeye na wenzake wote wa chumba kile. Wenzake hawakumsamehe. Mmoja wao tulikutana naye sokoni, akapita kama amepita ukuta.

Mdogo wangu alikuja mbio siku ileile. "Shemeji, waambie ukweli. Nenda na karatasi ya daktari. Mtu aliyepoteza macho akiwa kazini hawawezi kumtupa hivihivi, watakutafutia pa kukaa."

"Niwaambie nini? Kwamba aliyewachezea pale ukumbini alikuwa kipofu?" Mume wangu alitikisa kichwa. "Niacheni niondoke na jina langu."

Na kweli akaondoka nalo. Jina haliliwi, nilimwambia.

Hasira zangu nilizimalizia kwa mdogo wangu, kwenye baraza, mume wangu asisikie. Yeye kampuni ilikuwa imempandisha cheo. Alinieleza huku ameinamisha uso, kama mtu anayeungama wizi.

"Hukuweza kukibuni kibaya kidogo?" nikamuuliza. "Kidogo tu?"

"Dada, ningekibunije kibaya? Kilikuwa cha shemeji."

Nilimfungia mlango. Mpaka leo akija namkaribisha, chakula anapata, lakini kitu fulani baina yetu kimekatika na sijui cha kukiunganishia.

Mwaka uliofuata kampuni ilipitisha faiba mtaani kwetu. Watoto wetu walikuwa wameomba sana, nikakubali. Alikuja binti mmoja mwenye begi mgongoni na simu sikioni, akiongea na mwenzake tangu mlangoni. Alichuna waya huku anaongea. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na ukuta, ameelekeza sikio.

"Binti, usisukume kwa nguvu. Subiri upinde."

"Sawa, mzee." Akarudi kwenye simu yake. Ta!

"Hebu rudia. Hakijakaa."

Binti hakurudia. Akachomeka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na niseme ukweli wangu, niliomba kijitaa cha kwenye mashine kisiwake. Niliomba kwa moyo wote. Niliomba binti aaibike, arudie mara tatu, amgeukie mzee na kumwuliza afanyeje.

Taa ikawaka kijani.

"Imewaka?" mume wangu akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Imewaka," nikasema.

"Nani alikufundisha, binti?"

"Hakuna, mzee. Nilipewa jana nikajaribu, nikaona kumbe rahisi." Akakusanya takataka zake, akaaga vizuri, akatoka akiendelea na simu.

Mume wangu akainuka, akapapasa ukuta mpaka akakifikia kile kichwa. Akakigusa juu, chini, pembeni, akatafuta kosa. Alitafuta muda mrefu. Kisha akaondoa mkono.

"Kiko sawasawa," akasema. "Mke wangu, hata mimi ningekuwa mkubwa pale, ningejifukuza."

Nilingoja atukane. Nilingoja avunje kitu, angalau kikombe. Alirudi tu kitini, akawauliza watoto kama inakwenda kasi, wakamwambia inakwenda kasi sana. Nikaingia jikoni nikalia mimi, maana lazima mmoja wetu alie.