Gari Lililokunywa Maji ya Mtoni

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu Lusajo: siku niliyokaribia kukuharibia miguu kwa sababu ya heshima. Keti basi, acha kutazama saa. Mkeo Neema bado yuko jikoni na wali haujaiva.

Ulizaliwa nyayo zimegeukia ndani. Kila wiki tulikupeleka kliniki Mbeya, wakikata plasta, wakinyoosha miguu kidogo, wakifunga tena. Daktari alituonya kwamba tukiruka kliniki, miguu itarudi ilikotoka. Basi la abiria nililijaribu mara moja tu, plasta ikapasuka kwa msongamano, ndipo baba yako akasema tutumie gari letu. Lilikuwa dogo, jeupe, otomatiki, na alilipenda mpaka nikalionea wivu.

Wiki ile alikuwa amevuka mpaka wa Kasumulu na mchele wake kwenda Malawi, simu haipatikani. Kliniki ilikuwa kesho kutwa. Mimi mwalimu wa shule ya Talatala nilijua kuendesha, nikalijaribu gari. Likiwa la baridi lilikwenda vizuri. Likishapata moto, nakanyaga mafuta, injini inalia na gari haliendi, kisha gia inaingia kwa kishindo. Na njia ya Mbeya unaijua, ni kupanda tu mpaka Tukuyu.

Nikalipeleka kwa babu yako, baba mkwe wangu, fundi wa magari ya otomatiki. Ninyi wa leo mnacheka, lakini katika familia ile mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe. Ukimwona njiani, unaingia migombani. Kwa hiyo nililiacha gari uani, nikakimbilia nyuma ya nyumba kwa bibi yako nikiwa nimekubeba. Yeye akamfikishia mzee habari ya gia na ya kliniki, kisha tukawa tunageuza kakao juani.

Nikamsikia mzee akichomoa kijiti cha kupimia oili ya giabox. Oili hiyo ikiwa nzima ni nyekundu. Hii, alisema, imekuwa kama chai ya maziwa.

"Imeingia maji," akamwambia bibi yako kwa sauti. "Rejeta imetoboka ndani, mle inamopozwa oili. Nyingine mpaka itoke Dar. Wiki hii hakuna Mbeya."

Mimi nilijua maji yalikotoka. Jumamosi iliyotangulia tuliteremka kutoka Tukuyu, na gari likiwa bado la moto baba yako akaliingiza moja kwa moja mtoni, maji mpaka milangoni, alioshe ling'ae kwa ajili ya ibada ya Jumapili. Nilikaa ukingoni nikamcheka. Sasa nimsemeje mume wangu akiwa hayupo, tena kwa baba yake ambaye hata kumwamkia siruhusiwi? Nikageuza kakao. Nakutazama miguu, moyo unaniuma, nageuza kakao.

"Mama Lusajo," bibi yako akasema, "hizo mbegu zimekukosea nini? Una neno wewe."

Nikaanza kulia. Babu yako akasikia. Akakivuta kigoda chake mpaka pembeni mwa nyumba, akakaa akitugeuzia mgongo, uso ameuelekeza ukutani.

"Mwambie aseme," akasema. "Nimegeuza uso, sijageuza masikio."

Nikamweleza bibi yako yote, kwa sauti ya kumfikia mzee.

"Muulize, kabla ya mtoni lilikuwa zima?"

"Zima," nikasema, na bibi yako akarudia kana kwamba mzee hakusikia.

"Na maji ya rejeta hupungua?"

"Hayapungui."

"Basi tumeisingizia rejeta. Giabox ya moto ukiizamisha kwenye maji ya baridi huvuta pumzi, na kwa kile kitundu chake cha kupumulia huyavuta maji. Mwambie mkwe wangu, heshima ya kumnyima fundi habari si heshima. Mjukuu wangu angebaki na miguu iliyopinda, na sisi tunangoja rejeta. Mume wake nitamsema mimi, yeye asiogope. Ndaga fijo."

Kunishukuru mimi, hebu fikiria. Nililia tena.

Akamwaga ile oili, akatia mpya, akaliendesha polepole, akaimwaga tena, na tena, mpaka kijiti kikatoka chekundu. Alisema tumewahi, tungechelewa, sahani za klachi za ndani zingebanduka. Siku ya kliniki tulipanda Tukuyu gari halikushtuka hata kidogo, nawe umelala. Baba yako aliporudi alisemwa, na tangu hapo akaosha gari lake kwa ndoo.

Sasa, mwanangu, jana nimemsikia Neema akikuambia gari lenu linashtuka likibadili gia. Ukamjibu, "Wewe magari umeyajulia wapi?" Nikangoja hasira zako zipoe. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi mtu hakuficha, sisi ndio tuliomfunga mdomo. Kabla hujafungua chuma chochote, chomoa kijiti, tazama rangi, nusa kama oili imeungua. Kisha muulize anayeliendesha: lilianza lini, likiwa baridi au moto, lilipita wapi. Na ukiona anakuonea haya, mpe mgongo kama babu yako, ila masikio umwachie.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani, na nyumba yako isikose kamwe mtu wa kukuambia ukweli. Haya, inuka uende jikoni ukamuulize mkeo. Miguu unayo.