Maji ya Kuoshea Ndiyo Yaliyowaka

Wanafunzi wenzake walimwita Mama Masizi, na jina likamkaa. Mtu amefundisha kemia sekondari mpaka nywele zikaota mvi, kisha amerudi chuoni kusaka shahada ya uzamili katikati ya vijana wa umri wa wanawe, na kazi aliyopewa ni kuunguza vitu. Angeitwa nani tena?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua asidi ya ndimu, unaichanganya na yurea ile ile ya mashambani, unatia maji, unaifungia kwenye chupa ya chuma na kuioka katika tanuri la maabara mpaka igeuke rangi ya chai kavu. Humo mnazaliwa chembe za kaboni. Zipange elfu, bado hazijafikia unene wa unywele. Ukizimulika kwa taa ya zambarau, ya aina ile wanayokagulia noti, zinawaka buluu ya kumtoa mtu macho. Ndivyo alivyohubiri Profesa, msimamizi wake, na Mama Masizi aliamini, maana nani asiyependa masizi yanayotoa nuru?

Ila kabla ya kupima mwanga, lazima uoshe. Unatia mchuzi ule kwenye mfuko wa utando, unauning'iniza ndani ya maji safi. Takataka ndogo ndogo zinapenya kutoka, chembe zinabaki mfukoni. Maabara ile waliosha kwa muda wa kunywa chai, basi. Mama Masizi, aliyelea watoto watano na hajawahi kuanika nguo yenye povu, alibadilisha maji na kubadilisha tena mpaka uchafu ukakoma kutoka. Alipowasha taa, mfukoni mlikuwa giza. Maji ya kuoshea, yale ya kumwaga, ndiyo yaliyowaka.

Akarudia kazi nzima upya, na upya tena. Hapakuwa na cha jini wala bahati mbaya. Kilichokuwa kikiwaka muda wote ni takataka.

"Umeosha mno," Profesa alisema, bila hata kuinua macho. "Osha kama wenzako, andika, uende nyumbani na shahada yako."

"Nikiosha kidogo nitakuwa nimeandika uongo, Profesa."

"Usipoandika hivyo, shahada huioni."

Nyumbani, mumewe naye akamsihi. "Mama watoto, funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu mwenyewe hapiti, baba. Amekalia kiti cha profesa."

Siku ya kutahiniwa alivaa gauni lake la kuendea harusi za watu, akaingia na mfuko wake na jagi la maji ya kuoshea. Watahini watatu walikuwa wameketi, Profesa pembeni yao. Akafunga mapazia, akamulika. Maji buluu, mfuko giza.

"Kwa hiyo umekuja kutuambia umeshindwa?" Profesa akauliza, na watahini wakatabasamu.

Hapo damu ikamchemka mama wa watu. "Nimekuja kuwaambia kwamba tumekuwa tukisifia maji ya kunawia. Na kama nasema uongo, dawa yake nyepesi." Akakinyooshea kidole kichupa cha mchuzi ule ule kilichokuwa mezani mbele ya Profesa, kile kilichomjengea jina, alichozunguka nacho kila mkutano akikimulika watu wapige makofi. "Tuoshe hicho. Mfuko ninao, maji safi yapo bombani, na haraka sina. Kikibaki kinawaka, nitaandika mnachotaka na kuomba radhi nimepiga magoti."

Hakuna aliyetabasamu tena. Mtahini mkongwe kuliko wote akamgeukia Profesa, akangoja.

Profesa akatazama kichupa. Akatazama jagi. Kisha akakichukua taratibu, akakitia ndani ya koti, akasema muda umekwisha.

Hawakumpa shahada siku ile. Walisema watatafakari, na mwenye akili anajua maana yake. Mumewe, aliyekuwa akingoja kwenye korido, alimwona anatoka kifua mbele akadhani mambo yamejipa.

"Wamekupa?"

"Wameninyima," alisema Mama Masizi. "Ila wote wamemwona anakificha."