Apolinaria, Ugoro na Paka Aliyegoma Kula

Mimi ni mtoto wa mwanamke aliyesingiziwa, kwa hiyo ningekuwa na haki ya kumchukia Apolinaria. Simchukii. Katika wanawake wote niliowafahamu pale Kwihara enzi za Mwingereza, sijaona aliyemfikia.

Alikuwa mjane, mrefu, mwenye ulimi mkali, na ugoro wake ulisifiwa hadi sokoni Tabora. Alikausha tumbaku, akaisaga juu ya jiwe pamoja na magadi kidogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa, toka asubuhi mpaka jioni. Hakujaliwa kupata mtoto. Alikuwa na paka mweusi mwenye shingo nyeupe kama kola ya padri, na kwa sababu ya shingo hiyo alimwita Paroko. Katekista alinung'unika weee, paka akaendelea kuitwa Paroko.

Paroko alikuwa mwizi. Alimwibia mama yangu, Eustadia, samaki wakavu kila alipopata nafasi, na siku moja mama akafoka mbele ya watu, "Huyu paka nitamkomesha!" Haikupita wiki, masika yale ya mwaka 1951, paka akaacha kula.

Jumapili, watu wakitoka ibadani kigangoni, kanisa letu dogo la kijiji, Apolinaria akamnyooshea mama kidole. "Umempa paka wangu sumu." Kwetu neno sumu halisemwi ovyo. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetia mkono katika chakula chetu; kila aliyekaribishwa alijifanya ameshiba. Paka angekufa, jina la mama lingezikwa naye.

Siku ya nne mama alishindwa kuvumilia. Akanishika mkono tukaenda kwa Apolinaria, ili yeye mama aape mbele ya msalaba wa mwenyeji kuwa hana hatia. Mvua ilikuwa imehamishia kila kitu ndani: jiwe la kusagia, nyungo za tumbaku, na katikati yake paka amejilaza, mbavu zote nje. Apolinaria alikuwa amepiga magoti akimbembeleza kwa bakuli la supu ya samaki. Alikwisha kumjaribu kwa maini ya kuku, kwa maziwa, kwa kila kitu. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, nami nikamwonea huruma, hasira zangu zote nikazisahau.

"Shikamoo, dada," mama alisema. Apolinaria akazidi kumsogezea paka bakuli. Mama akakunja uso. "Dada, supu hiyo imechacha. Husikii harufu?"

Apolinaria akainua bakuli, akanusa. Akanusa tena kwa nguvu.

"Sisikii kitu," alisema polepole. "Miaka sasa, sisikii kitu."

Kisha akamchukua paka, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlangoni. Matundu ya pua yalikuwa yamezibwa na uchafu wa kahawia. Ugoro, vumbi la jiwe lililohamishiwa ndani. Paka asiyesikia harufu ya chakula hali, hata umwekee nyama ya sikukuu.

Jiwe likatolewa nje saa ile ile, chini ya kibanda, mvua au hakuna mvua. Akampangusa pua kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, na manyoya pia, maana paka hujilamba. Akapika supu mpya, akawa anampaka mdomoni kwa kidole ingali na mvuke. Siku mbili hivyo. Ya tatu Paroko akalamba kidole, kisha bakuli. Ya sita akatuibia samaki, na mama akashangilia.

Apolinaria angeweza kuja kimyakimya kuomba radhi. Wengi wetu ndivyo tungefanya. Yeye alingoja Jumapili, akasimama pale pale kigangoni, akasema, "Sumu ilikuwa ugoro wangu. Eustadia nilimsingizia." Halafu akamfuata mama hadi kwetu, na nusu ya kijiji nyuma yake. Akakaa mlangoni, uso barabarani.

"Mama Imakulata, nipakulie," akasema, akimwita mama kwa jina langu.

Mama akampakulia ugali na mlenda wa karanga. Apolinaria akala bila haraka, watu wote wakimtazama, mpaka bakuli likawa tupu.

"Niongeze."

Mama akamwongeza huku akilia. Jirani mmoja akasogea, akanawa mikono.